Ukoo wa DU

Maji yalipomwagwa juu ya kaburi la dada yangu, vumbi lililainika na kutoa harufu niliyoijua kabla sijakumbuka nimeijulia wapi. Watu walikuwa wanaitikia dua. Nami nilisimama na viganja wazi kama wenzangu, lakini pua ilikuwa imeshanirudisha darasani, asubuhi kabla ya kengele, sakafu ya udongo imenyunyiziwa maji ili vumbi lisitimke, na dada yangu, Tatu, ameinama na ufagio wa chelewa. Nilichokisikia kifuani kilikuwa hasira. Huzuni ilinifuata baadaye nyumbani, ikanikuta nimeshachoka.

Nyuma yangu mzee mmoja alisema taratibu, "Bi Dali kapumzika." Mwenzake akajibu kwamba Bi Dali alikuwa mtu wa watu. Walisema kweli. Temeke yote ilimjua dada yangu kwa jina hilo, na waliolitamka walilitamka kwa mapenzi. Nilikunja vidole nikavikunjua, nikaitikia amina.

Siku ya kuvunja matanga, mjukuu wake Zuhura alinipakatisha kitoto chake, cha kike, ambacho kilikuwa hakijapewa jina kwa sababu ya msiba. Akaniambia wamekubaliana. "Tutamwita Dali, babu. Jina la bibi. Si la Kizaramo cha zamani lile?"

Nikasema hapana. Nililisema kwa sauti iliyowafanya wanawake waliokuwa wanapepeta mchele uani wageuke wote. Mtu mzima hapandishi sauti matangani, najua, na mama mkwe wa Zuhura alinitazama kama mtu aliyepandwa na shetani. Walitaka sababu. Basi naieleza hapa, niwaeleze ninyi wa rika langu, mliokaa kwenye sakafu zile na kuchapwa kwa fimbo zile. Ninyi hamtaniuliza mara mbili.

Shule yetu ilikuwa ya kuta za udongo na paa la makuti, kando ya njia ya kwenda Mbagala, mikorosho imeizunguka pande zote. Picha ya Malkia ilikuwa ndiyo kwanza imetundikwa. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya Mfalme iliyoondolewa, kwa hiyo Malkia alikaa katikati ya alama ya chokaa safi iliyobaki ukutani, nami niliamini kwamba Waingereza wanapokufa huacha weupe nyuma yao. Chini ya picha hiyo ndipo aliposimama Mwalimu Mihayo. Kaptura yake nyeupe ilikuwa na mikunjo ya pasi inayoweza kukata karatasi, soksi zimepanda mpaka magotini. Alikuwa Mnyamwezi, amesoma bara huko, na hapa kwetu hakukuwa na mwingine mwenye Kiingereza.

Kiingereza chenyewe alikifundisha kwa namna yake. Kila wiki aliandika herufi mbili ubaoni, juu kabisa, kisha chini yake akashusha maneno yote aliyoyajua yanayoanza na herufi hizo. "Haya ni ukoo mmoja," alisema. "Ukimjua kaka mtu, umemjua na mdogo wake." Na maana za maneno hayo hakutwambia kwa Kiswahili hata siku moja. Kiswahili, alisema, kingetuharibu. Maana haisemwi, maana inaonyeshwa. Akainua fimbo akaonyesha.

Ulipokuja ukoo wa BL, fimbo kwa neno black ilizunguka darasa zima, ikaturudia tena kama vile kuna aliyesahauliwa. Kwa blind ilisimama juu ya mtoto mwenye chongo. Kwa blood ilishuka kwenye goti la mtu aliyeanguka njiani. Aliyeonyeshwa alitakiwa asimame na kulikubali neno lake kwa Kiingereza, "I am blind, sir," yaani kipofu ni mie, bwana, halafu akae. Baada ya hapo neno lilikuwa lake. Likiulizwa tena, wiki hiyo au mwezi unaofuata, sie wengine wote tulimnyooshea kidole yeye, na hilo ndilo lilikuwa jibu sahihi. Aliyekosa kunyoosha alichapwa.

Ukoo wa CL sitausahau. Clean, akajigusa kifua. Clever, akajigusa kifua. Clerk alikuwa kaka yake, aliyekuwa karani wa reli. Climb, fimbo ikatoka nje ya dirisha mpaka kwenye mnazi ambako baba yetu, mkwezi, alikuwa anaangua nazi za watu. Nilifurahi sana. Niliamini baba ameingizwa katika ukoo wa mwalimu, na nikasubiri kuona kama wataanza kula pamoja.

Kisha ukaja ukoo wa DU.

Duck nilikuwa mie, kwa sababu ya mwendo wangu wa kutupa miguu nje. Sikuchukia, bata ni ndege mzuri. Dust ilikuwa sakafu. Duty ilikuwa ufagio, na ufagio ulikuwa mkononi mwa Tatu, kwa kuwa kufagia shule ilikuwa kazi ya wasichana, na wasichana wa darasa la nne walikuwa wawili tu, mwenzake akiumwa kila mara. Tatu alikuwa amenipita kwa miaka miwili lakini tulianza shule siku moja, kwa maana mtoto wa kike alisubiri nyumbani mpaka wadogo zake wakue. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Ukimuuliza jambo aliligeuza kwanza kichwani, kama unavyoligeuza dafu kulitafutia pa kupiga panga. Akishajibu, jibu lilikuwa limekwisha. Katika hesabu hakuna mvulana aliyemfikia.

Siku hiyo alisimama na ufagio wake akauliza swali. "Mwalimu, kama hawa ni ndugu, duty na dust ni ndugu kwa lipi? Mmoja ni kazi na mwingine ni uchafu. Au kwa kuwa wote wawili ni vya kufagia?"

Nimesoma mpaka nikazeeka, nimekaa na watu wenye shahada, na bado nasema hilo ndilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika chumba kile. Ukoo ule mwalimu aliubuni mwenyewe ili tukariri upesi, haukuwa na baba wala mama. Akaandika neno jingine ubaoni, dull, na fimbo ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kipaji cha uso wa dada yangu. Akaandika dumb, fimbo haikuondoka. Darasa likacheka. Tatu akasema kama alivyotakiwa, "I am dull, sir. I am dumb, sir," na mwalimu akaandika la mwisho, dunce, lakini hapo fimbo ilibaki inaning'inia hewani.

"Huyu bado hajapatikana," akasema. "Nafasi yake naiweka."

Jioni tulimweleza baba. Alikuwa anaosha miguu yake iliyochubuka kwa magome, akacheka mpaka akamwaga kata ya maji. "Si Mnyamwezi yule? Mtani wetu. Ana haki naye."

Na kweli walikuwa watani. Nilikuwa nimewaona mwenyewe wakikutana dukani, mwalimu akimwambia baba kwamba Wazaramo hawana kazi ila kusubiri nazi zianguke zenyewe, baba naye akimuuliza ametua wapi mzigo wa Mwarabu aliokuja nao kichwani toka bara. Walipeana mikono huku wakicheka. Alipofariki bibi yetu, mama mmoja wa Kinyamwezi alijifunga kanga za marehemu na kuiga kikohozi chake, na waliokuwa wanalia wakajikuta wanashika mbavu. Tulikuwa tunajua utani ni nini. Ukitaniwa hukasiriki. Unaweka.

"We mwache," baba alimwambia Tatu. "Mtani hakasirikiwi. Siku yako ikifika utamrudishia. Ila utani haurudishwi uchochoroni, mwanangu. Unaurudisha mbele za watu, wacheke wote, uishe hapo."

Tatu aliliweka hilo kama alivyoweka kila kitu. Lakini hakukaa hivi hivi. Duka tulilonunua sabuni na mafuta ya taa lilikuwa la Bohora mmoja, na binti yake Sakina alisoma shule ya Wahindi mjini na alikuwa na kamusi. Tatu alimchambulia dengu mchana mzima, na kwa kazi hiyo Sakina akamfungulia kamusi. Alirudi nyumbani anatabasamu. Dull, akaniambia, ni mtu mzito wa akili. Lakini pia ni siku isiyo na jua, na pia ni kisu butu. "Na kisu butu si kinanolewa?" Akaniambia na maana ya dunce, kwamba ni mwanafunzi mpumbavu asiyefundishika, kisha akanikataza kuwaambia wenzangu.

Sasa lazima niwaeleze kilichokuwa kinagombewa. Darasa la nne ndilo lilikuwa la mwisho kwetu. Waliotaka kuendelea walichaguliwa wachache sana, na mwaka huo ilisemekana serikali inataka wasichana kwa ajili ya shule ya bweni, bara. Mkaguzi angekuja, angesikiliza darasa, na mwalimu angempa jina moja. Kila mtu, hata mama wa yule msichana mwingine, alijua jina hilo ni la Tatu. Mama alikuwa ameshamwekea doti ya kanga ya safari. Tatu alikuwa ameshaniusia niangalie kuku wake.

Mkaguzi alikuja kwa Land Rover, Mzungu mwekundu wa shingo, amechoka na joto. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wapagazi. Mwalimu Mihayo aliuandika ukoo wa DU ubaoni, maana ndio uliokuwa umejaa vizuri, akatuimbisha. Tuliimba vizuri mno. Mkaguzi akachukua fimbo, akagusa neno dull, akauliza nani anajua maana yake.

Vidole vyote vilimnyookea Tatu, changu kikiwemo. Lilikuwa jibu sahihi, nimeshasema. Tatu akasimama, mikono nyuma. "I am dull, sir."

Mzungu alitazama vidole, akamtazama msichana, akamtazama mwalimu. Kisha akacheka. Hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Wenzangu hawakujua kitu, walikuwa watoto na waliambiwa maana ni kidole, nami niliyedokezwa na Tatu niliogopa fimbo. Yeye alijua. Lugha ilikuwa yake. Alimsikia mtoto wa watu, aliyetoka kufagia chumba kwa ajili yake, akisema mbele ya darasa zima kwamba ana akili nzito, na kitu pekee alichoona kinafaa ni kucheka na kugusa neno linalofuata. Akagusa dumb, vidole vikarudi pale pale. Akagusa dunce.

Hakuna kidole kilichoinuka. Nafasi ilikuwa haijajazwa. Mwalimu alianza kusema kitu, lakini Tatu alikuwa bado amesimama. Alitoa mkono mmoja nyuma, akaunyoosha taratibu, ukapita juu ya vichwa vyetu mpaka kwenye kaptura nyeupe.

"He is dunce, sir," akasema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha, furaha ya mtu anayelipa utani mahali panapostahili, mbele za watu.

Mkaguzi alicheka mpaka akatoa leso. Alimpiga mwalimu begani, akamwambia kitu kwa Kiingereza, akacheka tena. Mwalimu Mihayo naye alicheka. Niliyaona meno yake yote. Nikajua basi, yamekwisha, wamecheka wote kama baba alivyosema, na nikaona fahari kwamba dada yangu ameuweza utani wa wakubwa. Land Rover ikaondoka na vumbi lake.

Mwalimu alirudi ndani, akafuta ubao polepole, herufi moja moja. Hakumchapa. Alimwambia tu achukue mfuko wake aende nyumbani, na asirudi. Jina lililokwenda kwa mkaguzi lilikuwa la yule msichana wa pili, aliyekuwa anaumwa, na ambaye hata hakuenda kwa sababu ya kuumwa kwake. Nafasi ikapotea bure, haikumfaa mtu.

Baba hakuamini. Alichukua madafu mawili, akanichukua na mie, tukaenda nyumbani kwa mwalimu. Njia nzima alikuwa anachekacheka, anajaribu maneno atakayoyasema. Tulipofika akaanza hodi yake kwa utani, "Hodi humu kwa mpagazi," na mwalimu akatoka, hakumkaribisha ndani.

"Mzee," akasema, "mimi hapa si Mnyamwezi. Hapa ni mwalimu wa serikali. Mwanao amenivunjia heshima mbele ya mkubwa wangu."

Baba alishika madafu yake. "Amekurudishia utani, bwana. Mbele za watu, kama ada."

"Shuleni hakuna utani."

"Basi ulipomwita mwanangu majina yale, ulikuwa nani?"

Mwalimu alijibu kwa Kiingereza. Mpaka leo sijui alisema nini, na ninachokijua ni kwamba alichagua lugha ambayo baba asingeweza kumjibu. Akafunga mlango. Tukarudi na madafu yetu, baba akampasulia Tatu yote mawili, akakaa akimtazama anavyokunywa. Hakumtania mtu yeyote tena mpaka alipokufa.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Huo ndio usemi wake hasa, na sijaona aliyeustahili kuliko Mwalimu Mihayo. Alikuwa Mnyamwezi alipokuwa anautupa, akageuka serikali alipotupiwa. Alitumia ada yetu kama ngazi, akapanda juu ya kichwa cha mtoto, kisha akaiondoa ngazi. Watu wameniambia nimsamehe, naye alionewa, alichekwa na Mzungu mbele ya wanafunzi wake. Najua alichekwa. Tatu pia alichekwa, na yeye hakumfukuza mtu.

Neno lilibaki kwa Tatu. Wavulana wa shule walimfuata nalo mpaka kisimani, dull, dull, na kwa kuwa midomo yetu haipendi neno lisilo na ncha, lisiloishia na irabu, likawa Dali. Wakubwa wakalisikia wakadhani ni jina la nyumbani. Mume akamwoa nalo. Aliuza maandazi nalo, akasomesha watoto sita nalo, akawafundisha wote hesabu jikoni kwa kokwa za korosho, na kila alipoitwa Bi Dali aligeuka na kuitika kwa sauti safi, "Labeka." Mie peke yangu nilimwita Tatu, na mara nyingine alikuwa haitiki mpaka nirudie.

Nilimweleza Zuhura yote haya uani, wanawake wamerudi kwenye mchele wao lakini nyungo zikiwa kimya. Alisikiliza huku machozi yanamtoka, kisha akaniuliza nilichokiogopa.

"Babu, sasa bibi alikuwa anajua maana yake?"

"Alijua. Aliniambia mwenyewe, siku aliyotoka kwa Sakina."

"Mbona alikuwaga anaitika? Miaka yote hiyo?"

Nilitaka kumwambia kwamba alizoea, kama tunavyosema juu ya kila dhuluma iliyodumu. Lakini Tatu hakuwa mtu wa kuzoea. Nikamwambia ninachokiamini. Bibi yako aliambiwa na baba yake kwamba mtani hakasirikiwi, na yeye alilichukua neno la baba yake. Akatimiza upande wake wa ada, kila siku, kila alipoitwa, maisha yake yote. Yule bwana, aliyesoma, alishindwa kuutimiza wake kwa muda wa somo moja.

Zuhura alifuta uso kwa upande wa kanga. "Basi mwite wewe," akasema, akanisogezea mtoto.

Nikainama kwenye sikio la kulia, nikamwadhinia taratibu kama inavyopasa, na baada ya adhana nikalisema jina. Tatu. Nikalirudia kwa sauti, Tatu, walisikie wote, nisije nikabaki kulitamka peke yangu. Mtoto akafunua mdomo akalia kwa nguvu zake zote, mpaka mama mkwe akaja mbio kumchukua ambembeleze anyamaze.

Nikamwambia amwache aseme.